Muulize Mjomba Bustani: kunguru, pevingi na mti usiopukutisha majani

Maswali ya mwezi huu mengi yametoka Dar, na nikiyasoma yote pamoja naona mnauliza kitu kimoja tu, vile vya zamani vimeenda wapi na hivi vya sasa vimetokea wapi. Haya tuanze.

SWALI: Shikamoo mjomba. Nimekulia hapahapa Sinza, tulikua na ndege wa kila aina wanaimba asubuhi, sasa hivi ni kunguru tu. Wanaiba mpaka sabuni ya kufulia, mchicha ukichipua wananyofoa. Nimeweka sanamu la kuwatisha, wanakaa juu yake. (Dada wa Sinza)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo sanamu umewajengea kijiwe, uliondoe tu. Wale weusi wenye shingo ya kijivu sio wenyeji, waliletwa Zanzibar kutoka India kwenye miaka ya 1890 wale takataka za mji, yani waliajiriwa kabisa, tatizo hakuna aliyewaambia mkataba umeisha. Na ndege wako walioimba usiwatafute mbali, kunguru anaingia kwenye viota vya wenzie anakula mayai na makinda, ukiwa na mia mtaani unategemea chozi na chiriku wapone wapi? Wenzetu Kenya mwaka 2024 walitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru milioni moja huko pwani, kwa hiyo ujue sio wewe peke yako unayesumbuliwa. Waswahili tunasema kunguru hafugiki, mimi naona huyu wa kwetu ndo ametufuga sisi, tunampikia, tunamwagia makombo nje ya geti kila jioni, yeye kazi yake kuja kula. Sasa fanya hivi: tuta la mchicha liwekee wavu juu mpaka miche ishike, na ndoo ya taka iwe na mfuniko unaobana, sio kile kipande cha bati mnachoegesha. Na ongea na majirani, maana ukifunika wewe peke yako watahamia kwao wakishiba wanarudi kwako kupumzika.

SWALI: Mjomba habari. Mwaka jana nimeweka pevingi uwanja mzima, kama mita 200 za mraba, tope limeisha, watoto wanaendesha baiskeli safi. Ila masika haya maji yameingia mpaka sebuleni na jirani wa chini kanijia juu anasema namtumia mafuriko. Pevingi zinahusika kweli? (Baba wa Mbezi)

JIBU: Zinahusika kaka, tena sana, hebu tupige hesabu. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ikinyesha milimita 50 kwa siku, na kwa masika ya Dar hiyo sio mvua ya kuitia watu wa habari, uwanja wako peke yake unapokea lita 10,000. Zamani ukoka na mchanga vilikunywa sehemu kubwa ya hayo maji taratibu, sasa umewafunga mdomo wote wawili, maji yafanyeje, yanatafuta mlango, na mlango wa karibu ni wa kwako halafu wa jirani. Kinachonichekesha ni kwamba wateja wangu wa aina yako mwezi wa kumi ndo haohao wanaoita boza la maji. Miaka hii kazi nyingi ninazoitiwa ni za kung'oa, mtu anasema mjomba njoo na shoka tuweke pevingi, ua wa michongoma unatoka unaingia ukuta wa tofali na nyaya juu, naondoka na mbao kwenye mkokoteni najiuliza mimi ni mtunza nini hasa.

Usibomoe yote. Upande wa chini wa uwanja, kule maji yanakoelekea, toa mistari miwili mitatu ya pevingi, chimba mtaro, jaza kokoto, mbali na msingi wa nyumba na mbali na shimo la choo. Kando yake panda kitu, hata migomba, haikatai maji. Halafu bati lako lifunge mfereji uingie kwenye tenki. Na jirani mpelekee mkungu ukiiva, alikuja juu kwa haki.

SWALI: Nataka mti wa kivuli, unaokua haraka, usiopukutisha majani, usioleta popo wala wadudu, na mizizi yake isitembee. (Msomaji wa Tabata)

JIBU: Upo, unauzwa Kariakoo, unaitwa turubai.

Ukitaka mti wa kweli kubali kufagia. Mwembe wa kubebesha, yani mche uliounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine, unaanza kuzaa kama mwaka wa tatu hivi, shimo sentimita 60 kwa 60, samadi iliyooza vizuri, panda mvua zinapoanza, na usiusogeze karibu na ukuta kwa sababu leo ni kijiti. Mwarobaini unavumilia jua na ubahili wa maji. Popo watakuja kwenye maembe ndiyo, waache, haohao usiku ndo wanachavusha maua ya mibuyu. Na usianze kuniuliza kama ni mti wa asili, mwembe na mwarobaini vyote asili yake ni Asia, mkrismasi unaoupiga picha kila Desemba umetoka Madagaska, hapa mjini karibu sote ni wahamiaji.

SWALI: Ndago zinatoboa katikati ya pevingi, nimemwaga chumvi, nimemwaga oili chafu, zinarudi. (Mama wa Kimara)

JIBU: Mama acha oili, unaua udongo na hiyo ndago inakuangalia tu. Chini ina vinundu vimeungana kama shanga, ukivuta jani unakata mnyororo na kila kinundu kinaota kivyake. Nyanyua pevingi zile zilizoathirika, chimbua vinundu vyote kwa mkono, weka nailoni nzito nyeusi ndo urudishe mchanga na pevingi. Utarudia tena mvua za vuli, ndago haimalizwi kwa siku moja. Kama huna nguvu hizo, kata kwa panga kila wiki, toka mbali itaonekana ni ukoka.