Maswali yenu kuhusu Krismasi: Kwa nini Wakristo husherehekea kuzaliwa kwa Yesu?

Maswali mliyotuma safari hii karibu yote yanahusu Noeli. Mawili ya kwanza nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanagusa kiini cha imani yetu.

Biblia haijaamuru popote tuadhimishe kuzaliwa kwa Yesu. Alichoagiza mwenyewe ni kukumbuka mauti yake. Sasa Krismasi tumeitoa wapi? (Msomaji, Morogoro)

Ni kweli, amri hiyo haipo. Maneno "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu" yalisemwa juu ya mkate. Wakristo wa mwanzo sikukuu yao kubwa ilikuwa Pasaka, na habari ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa haikuwashughulisha. Origen, mwalimu mkubwa wa Aleksandria katika karne ya 3, alifika mahali pa kukumbusha kwamba katika Maandiko wanaofanya karamu za kuzaliwa kwao ni Farao na Herode.

Ila fikiri kilichotokea katika karne ya 4. Padri mmoja wa Aleksandria, Arius, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Kanisa zima likatikisika. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliitishwa kwa ajili hiyo, na maaskofu wakakiri kwamba Mwana ni Mungu kweli. Katika karne hiyohiyo ndipo sikukuu ya kuzaliwa kwake inapoonekana wazi na kuenea. Mimi naona mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: waumini walipoulizwa Yesu ni nani, jibu lao waliliimba pia katika ibada.

Yohana anasema, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Hapo ndipo Krismasi ilipo. Hakuna Ijumaa Kuu bila mwili wa kupigiliwa misumari, na mwili huo ulianzia tumboni mwa Mariamu, ukazaliwa, ukanyonya, ukavikwa nguo za kitoto. Anayeukumbuka msalaba bila kukumbuka hori ameanza habari katikati. Na furaha yenyewe hatukuibuni sisi. Katika Luka sura ya 2 malaika ndiye anayewaambia wachungaji kwamba amewaletea habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote, kisha jeshi la mbinguni linaimba. Amri haipo, lakini mfano upo, na umetoka juu.

Nimeambiwa tarehe 25 Desemba ni sikukuu ya kipagani ya mungu jua. Je, tunaabudu jua bila kujua? (Kijana, Nakuru)

Hapana, hatuabudu jua. Lakini swali lako linastahili jibu la historia.

Injili hazitaji siku wala mwezi. Clement wa Aleksandria, mnamo mwaka 200, anaeleza kwamba wapo waliokisia Aprili na wengine Mei. Kalenda ya Roma ya mwaka 354, yenye kumbukumbu zinazorudi nyuma hadi mwaka 336, ndiyo inayoweka kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba. Kalenda hiyohiyo inaonyesha kwamba siku hiyo pia ilikuwa siku ya Jua Lisiloshindwa, mungu ambaye Kaisari Aurelian alimjengea hekalu mwaka 274. Kwa hiyo wanaosema sikukuu hizo zilikutana Roma hawajasema uongo.

Kuna njia ya pili ya kuifikia tarehe hiyo, na wengi hawaijui. Wakristo wa kale waliamini kwamba Yesu alikufa tarehe 25 Machi. Kisha baadhi yao wakaamini kwamba alitungwa mimba tarehe hiyohiyo, na Augustino anaiandika imani hiyo waziwazi. Hesabu miezi tisa kuanzia 25 Machi uone unafika wapi. Hadi leo Kanisa Katoliki na Waanglikana huadhimisha Kupashwa Habari Mariamu siku hiyo. Wanahistoria bado wanabishana ni njia ipi iliyotangulia.

Hatari ya kuchanganya ilikuwapo kweli. Katikati ya karne ya 5, Papa Leo Mkuu aliwakemea Wakristo waliokuwa wakipanda ngazi za Kanisa la Mtakatifu Petro, kisha kabla ya kuingia wanageuka kuliinamia jua linalochomoza. Aliwakemea watu hao, na sikukuu akaendelea kuihubiri. Nami nafuata njia yake. Siku zote 365 aliziumba Mungu, na hakuna iliyo mali ya sanamu. Kama dhamiri yako bado inasumbuka, soma Warumi 14, Paulo anapozungumzia mtu anayetofautisha siku na yule anayeziona zote sawa. Usimhukumu asiyeadhimisha, naye asikuhukumu wewe.

Mbona Wakristo wa Ethiopia husherehekea Januari? (Msomaji, Kampala)

Kwa sababu ya kalenda tu. Ethiopia, Wakopti wa Misri na Waorthodoksi wa Urusi wanafuata hesabu ya zamani ambayo kwa sasa iko nyuma ya yetu kwa siku 13, ndiyo maana Krismasi yao huangukia 7 Januari. Waethiopia huiita Genna, na mahujaji humiminika Lalibela, kwenye makanisa yaliyochongwa katika miamba. Anayezaliwa ni yuleyule.

Mhubiri mmoja alisoma Yeremia 10 akasema mti wa Krismasi ni ibada ya sanamu. Niutoe nyumbani? (Mama, Arusha)

Isome sura yote, mama. Nabii anamsema fundi anayekata mti, anauchonga kuwa mungu, anaupaka fedha na dhahabu, halafu anaupigilia misumari usianguke. Mti wako hujauchonga wala huuombi kitu. Desturi hii ilitoka kwa Wajerumani, na kumbukumbu ya Strasbourg ya mwaka 1605 inataja miti iliyopambwa majumbani kwa maua ya karatasi na matofaa. Ukiupenda uache, ukiutoa hujapungukiwa na lolote.

Mamajusi walikuwa watatu kweli? (Mwanafunzi wa kipaimara, Bukoba)

Mathayo hataji idadi. Anataja zawadi tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Tena anasema waliingia nyumbani, wala hataji hori. Katika pango la parokiani tunawaweka pamoja na wachungaji ili habari yote ionekane kwa mara moja.

Mwaka huu sina nguo mpya za watoto wala hela ya pilau. Naona aibu hata kwenda kanisani. Nikope? (Mama wa watoto wanne, Mwanza)

Usikope, mama yangu. Fungua Luka 2:24. Mariamu na Yosefu walipompeleka mtoto hekaluni, sadaka inayotajwa pale ni jozi ya hua au makinda mawili ya njiwa. Kisha soma Walawi 12:8: hiyo ndiyo sadaka ya mama asiyeweza kupata mwanakondoo. Mama wa Bwana aliingia nyumba ya Mungu na sadaka ya wasio nacho, mbele ya watu wote, na Simeoni akampokea mtoto mikononi akamshukuru Mungu.

Basi wafulie wanao nguo walizonazo, mwende wote kwenye mkesha, mkae mbele na watoto waone pango vizuri. Mkirudi, mkubwa wao awasomee wenzake Luka 2 kuanzia mstari wa 1 hadi wa 20. Na mwambie kiongozi wa jumuiya yako hali ilivyo, mapema, kabla ya wiki ya sikukuu.

Ninyi mlio na mchele ndani, mpelekeeni jirani kama huyu kilo zake na mafuta tarehe 24, apike mwenyewe jikoni kwake, wanawe wale chakula cha mama yao. Msingoje kumletea kilichobaki tarehe 26.