Muulize Mama Wakili: Nailoni ikishachanwa, ndiyo basi?

Shikamoo Mama Wakili. Niko Mwanga, Kigoma. Niliona wigi kwenye ukurasa wa muuzaji mmoja wa Dar, limeandikwa "nywele asilia za binadamu, unaweza kupaka rangi na kunyoosha kwa pasi". Nikalipa 260,000 kwa lipa namba, na mzigo ukaja kwa basi. Kulivaa mbele ya kioo tu nikaona linang'aa kama la mwanasesere. Nikachoma unywele mmoja kwa kiberiti: ukajikunja, ukanuka plastiki na kuacha kidonge kigumu cheusi. Siku hiyohiyo nikamwandikia muuzaji. Akajibu: "Dada, ukishafungua nailoni hairudi, ni mambo ya usafi." Kaka yangu yuko Ujerumani, anasema huko hata godoro lililofunguliwa linarudishwa. Ni kweli? Na mimi huku nina haki gani? — Msomaji, Mwanga

Marahaba mwanangu. Kwanza, hilo wigi lirudishe kwenye mfuko wake na usiliguse tena. Usilioshe, usilikate lesi ya mbele, wala usikubali shoga yako aliazime kwenda nalo harusini. Nitakueleza sababu.

Kaka yako hakudanganyi. Mjerumani mmoja alinunua godoro mtandaoni kwa zaidi ya yuro 1,000, akatoa plastiki ya kinga, kisha akaona halimfai. Duka likamjibu kama ulivyojibiwa wewe: umefungua, usafi, kwaheri. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 27 Machi 2019 majaji wakasema godoro linarudishika hata kama plastiki imetoka. Hoja yao naipenda kwa sababu haina makeke. Godoro lilelile la hoteli hulaliwa na wageni wengi mmoja baada ya mwingine, magodoro yaliyotumika yana soko lake, na yanasafishika. Wakaliweka fungu moja na nguo, ambayo mtu huijaribu mwilini na bado hurudishwa. Sheria yao ya mwaka 2011 inampa aliyenunua mtandaoni siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu yoyote. Vitu vilivyofungwa kwa ajili ya afya au usafi havimo, mnunuzi akishavifungua, lakini majaji walisema mlango huo usipanuliwe mpaka umeze kila kitu chenye nailoni. Na mnunuzi akikitumia kitu anachokirudisha zaidi ya inavyohitajika kukikagua, thamani iliyopungua ni juu yake.

Sasa, hiyo ni Ulaya. Huwezi kumpelekea muuzaji wa Dar hukumu ya Luxembourg, iliko mahakama hiyo. Tena huihitaji, kwa sababu yule Mjerumani godoro lake halikuwa na kasoro, alibadili mawazo tu. Wewe hujabadili mawazo. Umeagiza kitu ukaletewa kingine, na hapo sheria yetu wenyewe inatosha.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, tuliirithi kwa Waingereza, na ni ya zamani kuliko simu yako, yangu na ya bibi yako. Inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ifanane na maelezo hayo. "Nywele asilia za binadamu" ni maelezo. Plastiki inayoyeyuka kwa kiberiti siyo nywele za binadamu, haina mjadala.

Sheria hiyohiyo inasema mnunuzi ambaye hakuiona bidhaa kabla hahesabiwi kuwa ameipokea na kuiridhia mpaka apate nafasi ya kutosha kuikagua. Utalikaguaje wigi likiwa ndani ya nailoni? Nenda Kibirizi uone mama anavyonunua dagaa: anafungua gunia, anazamisha mkono mpaka chini kutafuta mchanga na waliooza, na hakuna mvuvi anayemwambia, "Umeshafungua, lipa." Kufungua, kulijaribu kichwani mara moja, hata kuchoma unywele mmoja, ni ukaguzi. Kulivaa wiki nzima, kulikata au kulipaka rangi ni kujifanya mwenye mali, na hapo haki ya kulikataa inapotea. Ndiyo maana nimesema usiliguse. Kukaa kimya nako kunaharibu. Wewe umeandika siku hiyohiyo, umefanya vizuri.

Nauli ya kulirudisha ndiyo inayowafunga wengi midomo. Mnunuzi mwenye haki ya kuikataa bidhaa halazimiki kuisafirisha kumrudishia muuzaji, isipokuwa kama mlikubaliana hivyo. Inatosha kumjulisha kwamba umeikataa. Kwa hiyo usikimbilie stendi ya Masanga kulipia mzigo. Mwandikie, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Wigi nililopokea siyo la nywele za binadamu kama ulivyotangaza. Nimelikataa. Nirudishie 260,000 na nauli niliyolipa. Wigi lipo, njoo ulichukue au utume nauli." Na usilitoe mkononi kabla pesa haijaingia. Nimeona mawigi mengi yakifika Dar salama, kisha muuzaji hapokei simu.

Ushahidi uhifadhi leo, maana tangazo linafutwa usiku mmoja. Piga skrinishoti ya tangazo lenye maneno "nywele asilia", majibizano yenu, na ujumbe wa malipo. Huo wa malipo ni dhahabu: ukurasa wake una jina la mbwembwe, lakini lipa namba imekuonyesha jina lililosajiliwa. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe kwa mnunuzi, jina na anwani. Muulize. Wengi hulainika hapohapo.

Akiendelea na hadithi ya usafi, mweleze kwamba kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, na lalamiko lako linakwenda Tume ya Ushindani. Mahakama ya Mwanzo nayo ipo, na wakili si lazima. (Ndiyo, najiharibia biashara.)

*

Mama Wakili, nilinunua mswaki wa umeme mtandaoni. Unafanya kazi vizuri, ila nimeutumia siku kadhaa na kelele zake sizipendi. Naweza kurudisha? — Msomaji, Kasulu

Hapana, baba. Hata huko Ulaya wasingekupokea. Piga mswaki.