Ndiyo, kugonga milango kunabadilisha sheria

Ndugu, umeuliza kama mwananchi wa kawaida Marekani anaweza kubadilisha sheria kwa kugonga milango tu. Anaweza. Angalia jimbo la Maine. Bunge la jimbo lilipitisha mara 5 upanuzi wa Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, na gavana Paul LePage akaukataa mara zote 5. Basi watu wakazunguka na karatasi za saini, suala likapelekwa kwa wapiga kura Novemba 2017, na asilimia 59 hivi wakasema ndiyo. Ndilo jimbo la kwanza kufika hapo kwa njia hiyo.

Ila gavana aliendelea kukalia utekelezaji, wagonjwa wakisubiri, hadi gavana mpya, Janet Mills, alipoingia Januari 2019 na kuuamuru siku zake za mwanzo kabisa. Hapo ndipo wengi wetu hulegea: kura ikishapita tunarudi nyumbani.

Na ninyi mnaotoka Kongo au Burundi mlioko Portland na Lewiston, miji ya Maine, hata kama bado hamna uraia, kamati za bunge la jimbo pale Augusta, mji mkuu wa Maine, husikiliza yeyote. Nenda na dakika zako 3, eleza bili ya hospitali iliyokukosesha kodi ya nyumba.