Anzeni na Kilimia

Wadogo zangu mnaomaliza kidato cha sita hapa Tanga, nanyi mlio mwaka wa kwanza wa fizikia, swali lenu kwangu huwa lile lile: nianzie wapi kwenye utafiti wa anga? Wengi mnataka kuingia moja kwa moja kwenye nishati ya giza na mlipuko mkuu. Mimi nawaomba kwanza mpime umbali wa Kilimia kwa mikono yenu.

Kilimia mnakijua. Mwezi wa Novemba, baada ya isha, tafuteni mahali pasipo na taa huko Raskazone, mtazame kaskazini-mashariki. Ni kile kishada cha nyota ambacho wazee walikifuata kwa majira ya kilimo, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwa watafiti, kishada hicho kilizua mvutano wa miaka mingi. Satelaiti ya Hipparcos, iliyopima nyota kuanzia 1989 hadi 1993, ilikiweka kwenye paseki 120 hivi, na paseki moja ni miaka ya nuru 3.26. Njia nyingine zikasema ni zaidi ya 130. Mwaka 2014 darubini za redio zilitoa 136, kisha satelaiti ya Gaia ikaangukia huko huko.

Data za Gaia ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Toleo la tatu, la Juni 2022, lina nyota takriban bilioni 1.8, kwa hiyo msijaribu kupakua kila kitu, bando litaisha kabla hamjaanza. Ombeni safu mnazozihitaji tu: mahali nyota ilipo, paralaksi, kosa la paralaksi (yaani kadiri kipimo kinavyoweza kupotoka), na mwendo wake angani. Kompyuta ya mtumba yenye Python, lugha ya kuandikia programu, inatosha kabisa.

Paralaksi mtaielewa kwa kidole. Kinyoosheni mbele ya uso, mfumbe jicho moja, kisha jingine. Kidole kinaonekana kuhama. Dunia inapozunguka Jua, nyota nayo huonekana kuhama, ila kidogo mno. Digrii moja ikigawanywa mara 3,600, na kipande kimoja kikagawanywa tena mara 1,000, mnapata milisekunde ya tao. Kilimia kina kama 7.4 za hizo. Kupata umbali kwa paseki, gawanyeni 1,000 kwa 7.4: paseki 135.

Mimi sikufika hapo kirahisi. Mara ya kwanza nilichota nyota zote za upande ule wa anga, nikageuza kila paralaksi kuwa umbali, nikatafuta wastani. Nikapata jibu la ajabu, maana nyota nyingi zilikuwa mbali nyuma ya Kilimia. Tena nyingine zilikuwa na paralaksi hasi. Nikajiambia umbali hauwezi kuwa hasi, nikazifuta zote. Msimamizi wangu akanirudishia kazi ile mara tatu, na ninamshukuru hadi leo.

Paralaksi hasi si takataka. Nyota ikiwa mbali sana, paralaksi yake ya kweli inakaribia sifuri, na kosa la kipimo laweza kuisukuma juu au chini. Ukifuta zilizosukumwa chini ukabakiza zilizosukumwa juu, nyota zako zitaonekana karibu kuliko zilivyo. Ni sawa na mchuuzi wa soko la Mgandini anayeandika siku za faida tu, kisha anatangaza kwamba biashara inalipa. Na kosa hili halikuachi unapohamia kwenye maswali makubwa, linakufuata huko huko.

Tazameni mjadala wa leo kuhusu kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Timu ya satelaiti ya Planck, kwa kusoma mwanga wa kale wa ulimwengu, ilitoa 67.4 mwaka 2018, kosa likiwa 0.5. Timu ya mwanaanga Adam Riess, kwa nyota zinazopwa na kujaa ziitwazo Sefeidi pamoja na milipuko ya nyota, ilitoa 73.04 mwaka 2022, kosa likiwa 1.04. Vipimo vyote ni kilomita kwa sekunde kwa kila megapaseki, yaani paseki milioni moja. Bila yale makosa mawili, 67 na 73 zingekuwa namba mbili zinazokaribiana tu, wala pasingekuwa na mjadala. Na ngazi ya Riess, ya kupima umbali hatua kwa hatua, inaanzia chini kabisa kwenye paralaksi. Hata Gaia yenyewe ina mwegamo: kwazari, viini ving'aavyo vya galaksi ambavyo viko mbali kiasi kwamba paralaksi yake ni kama sifuri, ilizipa takriban −0.017 milisekunde ya tao. Kadogo, lakini kwa Sefeidi kanahesabika.

Makala za utafiti zipo kwenye arXiv, hazina ya makala mtandaoni, bure. Someni michoro kwanza, na kwenye kila mchoro anzeni na vile vijistari vya kosa juu na chini ya kila nukta.

Mkikwama kuzitenga nyota za Kilimia na zile za nyuma yake, tumieni mwendo. Ndugu hao husafiri pamoja: takriban milisekunde za tao 20 kwa mwaka kuelekea mashariki, na 45 kuelekea kusini. Chagueni zilizo karibu na namba hizo mbili, chukueni wastani wa paralaksi wala si wa umbali, kisha andikeni jibu lenu pamoja na kosa lake.