Kikomo kimeandikwa, programu haikioni

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia seva ya Linux ambayo huduma yake ya hifadhidata hugoma kila watumiaji wanapoongezeka, na kumbukumbu zake husema kuwa mafaili yaliyofunguliwa yamezidi. Niliandika kikomo cha 65535 katika /etc/security/limits.conf na kuiwasha upya huduma hiyo, lakini hali ni ile ile. Nitafute wapi?

JIBU: Kabla ya kupekua faili lolote, uangalie mchakato wenyewe, yaani programu inavyoendeshwa sasa hivi. Itafute namba yake kwa amri ya pidof, kisha usome /proc/NAMBA/limits, ukiiweka namba hiyo mahali pa neno NAMBA. Mstari wa “Max open files” una tarakimu mbili: ya kwanza ndiyo inayoibana programu kwa sasa, na ya pili ni upeo ambao programu inaweza kujiongezea. Ukikuta 1024 katika ile ya kwanza, ujue kwamba ulichoandika hakikusomwa, hata ungeandika milioni.

Faili la limits.conf husomwa na moduli ya pam_limits mtu anapoingia kwenye mfumo, ilhali huduma inayoanzishwa na systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux, kwa kawaida haipiti mlango huo. Vikomo vyake hutoka katika faili la huduma yenyewe. Kwa hiyo tumia systemctl cat ikifuatwa na jina la huduma, amri ambayo huonyesha faili kuu na nyongeza zake zote, kila moja na mahali lilipo. Mimi huipendelea kuliko kupekua kwa mkono, kwa sababu faili lililo katika /etc/systemd/system hulifunika lenye jina hilohilo katika /usr/lib/systemd/system, na si ajabu mtu kushinda akirekebisha lile lililofunikwa.

Usipoona mstari wa LimitNOFILE, ambao ndio unaoweka kikomo cha mafaili, pekua kwa upana zaidi:

sudo grep -Rn LimitNOFILE /etc/systemd /usr/lib/systemd

R kubwa hufuata viungo vinavyoelekeza kwenye mafaili mengine, ilhali r ndogo huviruka. Usiongeze 2>/dev/null, maana itaficha taarifa kwamba faili fulani halikusomeka, nawe udhani halina kitu. Mistari inayoanza na alama ya # haihesabiki.

Marekebisho yafanye kwa sudo systemctl edit na jina la huduma: andika [Service], na chini yake LimitNOFILE=65535, kisha uiwashe upya huduma. Ikiwa haiwezi kuzimwa kwa sasa, sudo prlimit --pid NAMBA --nofile=65535:65535 hubadilisha kikomo cha mchakato unaoendelea, ingawa programu zinazosoma kikomo mara moja tu zinapoanza hazitanufaika.