Anasi na Kayafa: makuhani wakuu wawili kwa wakati mmoja?

SWALI: Mwalimu, Luka 3:2 inasema "wakati wa ukuhani mkuu wa Anasi na Kayafa". Torati ilitaka kuhani mkuu mmoja, tena mpaka afe. Imekuwaje wawe wawili? Je, Luka alikosea?

JIBU: Hakukosea. Aliyekuwa madarakani ni mmoja, Kayafa. Ila chini ya Warumi kiti hicho kilikuwa cha kuteuliwa na kuondolewa, kwa hiyo makuhani wakuu wastaafu walikuwepo mjini wakiwa hai.

Anasi aliwekwa na Kirenio, gavana wa Shamu, mwaka 6 BK. Mwaka 15 hivi Valerius Gratus, liwali wa Uyahudi, akamwondoa. Akaweka watu watatu mfululizo, mmoja wao Eleazari mwana wa Anasi, na hakuna aliyedumu. Mwaka 18 hivi akamweka Kayafa, aliyekuwa amemwoa binti wa Anasi (Yohana 18:13). Huyu alikaa mpaka 36 au 37.

Ukitaka kuona jinsi Roma ilivyoubana ukuhani, tazama vazi. Lile joho la sikukuu, lenye kengele za dhahabu kwenye pindo, halikulala Hekaluni. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaeleza kwamba lilifungiwa katika ngome ya Antonia, iliyokuwa ya askari wa Kirumi kando ya Hekalu, chumba kikiwa na mihuri ya makuhani, na mkuu wa walinzi akiwasha taa humo kila siku. Siku saba kabla ya sikukuu lilitolewa, likatakaswa, likavaliwa. Kesho yake likarudishwa kifungoni. Hebu fikiria: kuhani mkuu anamwomba askari nguo ya kumwendea Mungu!

Lakini liwali aliweza kuchukua kiti na vazi tu. Hadhi ilibaki. Torati inasema aliyeua bila kukusudia akae mji wa makimbilio mpaka kuhani mkuu afe (Hesabu 35:25), na Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, inafafanua kwamba hata kifo cha kuhani mkuu aliyekwisha kuondoka madarakani kinamfungua. Kwa walioishika sheria, basi, Anasi aliendelea kuheshimiwa kama kuhani mkuu.

Na kwa Anasi kulikuwa na zaidi ya heshima. Wanawe watano walikikalia kiti hicho kwa nyakati tofauti, mbali na mkwewe. Ndiyo maana Yesu alipokamatwa alipelekwa kwake kwanza. Soma pia Matendo 4:6: Kayafa ndiye aliye madarakani, lakini jina la kwanza ni "Anasi Kuhani Mkuu".