Diski imejaa, na msimu wa korosho umeanza

SWALI: Shikamoo fundi. Natunza seva ya Linux ya ghala la korosho hapa Masasi. Diski imejaa asilimia 93 na mizani haipumziki. Nitaongezaje nafasi bila kuizima?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza nakili data kwenye diski ya nje, kisha ifungue hiyo nakala uone inasomeka. Hapo sikuachii, maana kila stakabadhi mle ni jasho la mkulima. Kama mlipanga diski kwa LVM (mfumo wa Linux unaounga diski kadhaa kuwa kundi moja, kisha kuligawa sehemu), na seva inakubali diski kuchomekwa ikiwa inawaka, chomeka mpya, iunge kwenye kundi kwa amri ya vgextend. Halafu amri ya lvextend -r hukuza sehemu pamoja na mfumo wake wa faili, watu wakiendelea kupima. Usitumie nafasi yote mpya, bakiza akiba kwenye kundi, maana mfumo wa faili wa aina ya ext4 kuupunguza lazima kwanza uuondoe kwenye matumizi (unmount).